Usitupe Mbachao: Majengo ya Vyuo Vikuu na Deni la Kaboni

Wahenga waliousia kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao walikuwa wakizungumzia mikeka. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia, mzuri wa kupendeza macho, lakini ni wa mpita njia. Aghalabu methali hii hufunzwa madarasani kama onyo kwa anayemwacha mwandani wa siku nyingi akamkimbilia mgeni wa jana. Ni nadra kufunzwa kama kanuni ya ujenzi. Hata hivyo, anayetembea katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya hataihitaji fasiri nyingine. Nyuma ya mabweni kumelundikwa vitanda vya chuma vilivyoliwa na kutu, viti vilivyopoteza mguu mmoja mmoja, madawati yaliyobanduka vibao na fremu za madirisha ambazo kasoro yake kubwa ni kwamba zilipitwa na mtindo. Mbele ya mabweni hayo hayo pamesimamishwa bango kubwa linalotangaza jengo jipya. Wakati mwingine bango hilo huzeeka kabla ya jengo kufika ghorofa ya pili.

Makala haya yanashikilia kwamba hali hii si suala la usafi wa mazingira wala la ubadhirifu pekee. Ni suala la kaboni, na kwa hivyo ni suala la tabianchi ambayo wakulima na wafugaji wa taifa hili wanazidi kuihisi kila msimu wa mvua unapokosa kutimiza ahadi. Yanashikilia, isitoshe, kwamba dawa yake haitoki mbali. Dhana inayojulikana leo kama uchumi mzunguko inaweza kupunguza kaboni ya majengo ya vyuo vikuu kuliko mapambo mengi ya kijani yanayozinduliwa kwa hotuba na vinywaji. Na wanafunzi wa Kiswahili, ambao huenda wakadhani kwamba haya ni mambo ya wahandisi, wana kazi yao mahususi ndani yake.

Maana ya uchumi mzunguko

Uchumi uliozoeleka hufuata mstari ulionyooka: chimba, tengeneza, tumia, tupa. Uchumi mzunguko huupinda mstari huo hadi ncha zake mbili zikutane. Wakfu wa Ellen MacArthur, ulioanzishwa nchini Uingereza mwaka 2010 na ambao umeieneza sana dhana hii, hutaja misingi mitatu: kuondoa taka na uchafuzi tangu hatua ya kubuni kitu, kuviweka vitu na malighafi katika matumizi kwa muda mrefu iwezekanavyo vikiwa na thamani yake, na kuihuisha asili badala ya kuikamua.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba mzunguko huu una daraja zake. Kuyeyusha chuma kikuukuu ili kupata chuma kipya ni afadhali kuliko kukitupa, lakini ni daraja la chini, kwa kuwa tanuri linahitaji moto mkali. Kukitumia chuma hicho kama kilivyo mahali pengine ni daraja la juu zaidi. Kukikarabati kikiwa pale pale kilipo ni la juu kuliko hilo. Daraja la juu kabisa ni kutokihitaji kitu kipya tangu mwanzo. Kwa hivyo chuo kinachojisifu kwa kuweka mapipa ya rangi tatu ya kutenganishia taka, huku kikibomoa jengo lililo imara ili kujenga jingine, kimeanza kupanda ngazi kwa kukalia kipago cha chini.

Kaboni imejificha wapi?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, hukadiria kwamba majengo pamoja na shughuli za ujenzi husababisha zaidi ya thuluthi moja ya gesi ya kaboni inayotokana na kawi na viwanda duniani. Kaboni hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza inaweza kuitwa kaboni ya matumizi: ile inayotokana na taa, mitambo ya kupasha joto au kupoza hewa, lifti na mapishi katika maisha ya jengo. Ya pili ni kaboni iliyofumbatwa: ile iliyokwisha kutolewa wakati wa kuchimba mawe, kuchoma saruji, kuyeyusha chuma, kusafirisha na kujenga. Kaboni ya matumizi hutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi, na yaweza kupunguzwa baadaye. Kaboni iliyofumbatwa hutoka kwa mkupuo, kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuketi, na hairudishiki.

Katika nchi za baridi, ambako majengo hupashwa joto kwa gesi na mafuta, kaboni ya matumizi imetawala mjadala kwa miongo mingi. Mjadala huo umeletwa Kenya ulivyo, kama koti zito linalovaliwa Mombasa mwezi wa Februari. Ilhali hali ya Kenya ni tofauti. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, jua, na upepo wa Loiyangalani, ambako mradi wa Ziwa Turkana wenye uwezo wa megawati 310 ulizinduliwa rasmi mwaka 2019. Isitoshe, sehemu kubwa ya nchi haihitaji kupashwa joto wala kupozwa kwa mitambo iwapo madirisha yamewekwa panapofaa. Yafuatayo basi ni matokeo ya hesabu rahisi: taa ya darasa la Kenya inatoa kaboni kidogo, lakini nguzo na sakafu za darasa hilo zilitoa kaboni nyingi.

Saruji ndiyo mfano bora. Ili kuipata, chokaa ya mawe huchomwa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450 za selsiasi. Moto wenyewe hutoa gesi ya kaboni. Lakini zaidi ya nusu ya gesi inayotoka haitokani na moto. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapogeuka. Kwa hivyo hata tanuri lingewashwa kwa jua tupu, jiwe lingeendelea kuitema kaboni yake. Kwa makadirio ya kawaida, kila tani ya klinka, yaani kiini cha saruji, huambatana na takriban tani 0.8 za gesi ya kaboni. Chuma nacho huyeyushwa katika matanuri ambayo kwa sehemu kubwa duniani bado yanategemea makaa ya mawe. Kila ukuta ulio imara unaobomolewa ni kaboni iliyolipiwa ikatupwa. Na kila ukuta mpya unaoinuliwa mahali pake ni deni jipya.

Haya hayabatilishi juhudi za kawi safi. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na hatua hiyo ilistahili sifa. Kinachosemwa hapa ni kwamba vioo vya jua juu ya paa havilifuti deni la zege lililo chini yake.

Kisa cha Delft na cha Norwich

Mnamo tarehe 13 Mei 2008, maji yaliyovuja yalisababisha hitilafu ya umeme katika mashine ya kahawa ndani ya jengo la Kitivo cha Usanifu Majengo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Jengo hilo refu liliungua na sehemu yake ikaporomoka. Hakuna aliyefariki. Kitivo chenye maelfu ya wanafunzi kikajikuta hakina paa. Panapo msiba kama huo, na hasa kwa watu ambao taaluma yao ni kubuni majengo, kishawishi cha kujenga kasri jipya ni kikubwa. Na kwa kweli mashindano ya kutafuta mawazo ya jengo jipya yalitangazwa.

Lakini masomo hayakuweza kungoja. Kitivo kikahamia katika jengo kuukuu la matofali mekundu lililokuwa makao makuu ya chuo hicho. Kazi ya ukarabati ikafanywa kwa miezi michache tu. Nyua mbili za jengo hilo zikafunikwa kwa mapaa ya kioo, na nafasi iliyokuwa ya mvua na majani makavu ikawa kumbi za kazi. Hifadhi iliyokusudiwa kuwa ya muda ikapendwa, na kitivo kikabaki humo hadi leo. Wasanifu majengo walijifunza kwa moto kwamba jengo walilolihitaji lilikuwa limesimama siku zote ng'ambo ya bustani.

Kisa cha pili kinahusu Chuo Kikuu cha East Anglia mjini Norwich, Uingereza, ambacho mwaka 2015 kilifungua jengo liitwalo Enterprise Centre. Kuta zake za nje zimevishwa paneli za nyasi zilizotengenezwa na waezekaji wa jadi wa eneo hilo. Joto huhifadhiwa kwa nyuzi zilizotokana na magazeti makuukuu, na mbao nyingi za kiunzi chake zilitoka katika msitu wa karibu. Juu ya hayo, sehemu ya mbao zinazoonekana humo zilitolewa katika meza kuukuu za maabara ya chuo hicho. Mbao hizo ni za iroko, yaani mvule. Mti uliokatwa katika ardhi ya Afrika ukabebeshwa meli hadi Uingereza umepewa maisha ya pili huko, na wenyeji wakauonea fahari. Pana funzo chungu hapo: meza za mvule na mninga katika taasisi kongwe za Afrika Mashariki hazikosi kugeuzwa kuni za jikoni, mahali pake pakaletwa meza za mbao za kubandikwa ambazo haziuhimili hata msimu mmoja wa paa linalovuja.

Ujuzi uliopo nyumbani

Pasidhaniwe kwamba Kenya inahitaji kuazima hekima hii. Historia ya vyuo vikuu vyake ni historia ya majengo yaliyopewa kazi mpya. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzia katika kambi ya wanajeshi wa Uingereza iliyoitwa Templer, ambayo serikali ya Kenya ilikabidhiwa mwaka 1965 ikaigeuza kuwa chuo. Palipofunzwa kulenga shabaha pakafunzwa ualimu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilikua kutokana na taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoasisiwa katika miaka ya 1940. Chuo Kikuu cha Pwani kilirithi uwanja na majengo ya Taasisi ya Kilimo ya Kilifi mwaka 2007. Vizazi vya wasomi vilielimishwa katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu wengine na kazi nyingine, na shahada zao hazikupungukiwa na kitu.

Nenda mbele zaidi hadi Ngome ya Yesu pale Mombasa. Wareno waliijenga baina ya mwaka 1593 na 1596. Waomani wakaiteka na kuitumia. Serikali ya kikoloni ikaifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho. Lugha yenyewe imeuhifadhi mzunguko huo: neno gereza, kwa maelezo ya wanaleksikografia, lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, likaja kuwa ngome, kisha likawa jela. Kuta zile zile, neno lile lile, kazi mpya kila enzi.

Ujenzi wa Waswahili nao una mengi ya kufundisha. Katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Fundi hakumlazimisha mti kuwa mrefu kuliko alivyoumbwa. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa ziliweka ubaridi bila mtambo. Lipu ya chokaa ni laini kuliko ya saruji, na kwa sababu hiyo jiwe lililoshikwa nayo huweza kubanduliwa likiwa zima likajengewa tena, ilhali jiwe lililoshikwa kwa saruji kali huvunjika kabla ya kuachiwa. Milango ya nakshi imekuwa ikihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Nyumba za fito na udongo zikiisha muda wake, udongo huurudia udongo.

Hata hivyo, ni muhimu kuepuka kuyapamba ya kale kupita kiasi. Chokaa ile ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kazi iliyotoa kaboni na kula misitu. Matumbawe na mikoko leo ni ngome za pwani dhidi ya bahari inayopanda, wala haifai kuyakata ili kujengea mabweni. Kinachopaswa kurithiwa ni mantiki: kujenga kwa kilicho karibu, kwa kipimo cha kilichopo, na kwa namna inayoweza kufumuliwa. Mantiki hiyo bado ina nafasi. Katika wilaya ya Bugesera nchini Rwanda, Taasisi ya Kilimo Hifadhi imejengwa kwa udongo ulioshindiliwa, mawe na mbao, na zaidi ya asilimia 90 ya vifaa vyake kwa uzito vilipatikana nchini humo. Nchini Kenya, mashine za kushindilia matofali ya udongo yanayofungamana zimekuwepo kwa miaka mingi. Matofali hayo huchanganywa na saruji kidogo tu na hayachomwi kwa kuni. Pengine kosa lake kubwa ni kwamba yamezoeleka kuhusishwa na miradi ya maskini.

Kwa nini vyuo havifanyi hivyo?

Ikiwa ujuzi upo na hasara inaonekana, mbona lundo la vitanda linazidi kukua? Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Hakuna anayealikwa kufunua pazia kwenye paa lililozibwa. Jiwe la msingi huchongwa jina la aliyeliweka. Mfereji wa paa uliosafishwa hauchongwi jina la mtu. Kiongozi wa chuo hupimwa kwa urefu wa majengo aliyoyaacha, hata yakiwa magofu yasiyokwisha. Kwa hivyo bajeti ya maendeleo hupiganiwa, na bajeti ya ukarabati huwa ya kwanza kukatwa mambo yanapokaza. Wahenga waliwahi kuionya tabia hii kwa maneno machache: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika enzi hii methali hiyo ina hesabu ya ziada, kwa maana ufa huzibwa kwa ndoo ya chokaa, ilhali ukuta hujengwa kwa lori la saruji na kaboni yake yote.

Sababu ya pili ni ukosefu wa daftari. Ni vyuo vichache vinavyoweza kueleza, kwa jengo moja moja, ni milango mingapi iliyo nayo, ya mbao gani, na ina hali gani. Idara moja hununua kabati jipya ilhali idara ya jirani imefungia makabati matatu ghalani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu wa uchumi mzunguko huko Ulaya wamebuni kile wanachokiita pasipoti ya malighafi, yaani kumbukumbu inayoonyesha kila kilichomo ndani ya jengo ili kije kutumika tena. Ni methali ile ile iliyopigiwa chapa.

Sababu ya tatu ni hofu ya sheria. Maafisa wengi huona ni salama kuiacha mali ya umma ioze kuliko kuitoa na kuulizwa maswali na wakaguzi. Ilhali Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu taasisi kuihamishia mali isiyoihitaji kwa taasisi nyingine ya umma, na inaruhusu pia kuuza kwa zabuni au mnada. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeutaja uchumi mzunguko waziwazi na kuyataka mashirika kupunguza taka na kuzitenganisha. Mlango wa sheria basi haujafungwa, umeegeshwa tu. Madawati yanayooza nyuma ya mabweni yangeweza kuwa katika shule ya msingi iliyo umbali wa kilomita mbili, ambako watoto wanakalia mawe.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba idadi ya wanafunzi imeongezeka mno na kwamba bila majengo mapya watafundishiwa chini ya miti. Hoja hii ina uzito, lakini inapaswa kutanguliwa na swali: majengo yaliyopo hutumika kwa saa ngapi? Katika vyuo vingi kumbi hujaa pomoni asubuhi za katikati ya wiki, zikabaki tupu alasiri ya Ijumaa. Vyumba vya semina hufungwa kwa kufuli la idara, na ufunguo ukasafiri na mwenye nao. Ratiba moja ya chuo kizima inayomruhusu mwalimu wa fasihi kutumia chumba cha idara ya jiografia haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Na pale ambapo jengo jipya ni la lazima, lijengwe kwa namna inayoweza kugeuzwa: kuta za ndani zisizobeba uzito, viungo vya kukazwa kwa nati badala ya kuchomelewa, na saruji iliyochanganywa na pozolana ya volkeno inapotosha, kwa kuwa ina klinka kidogo.

Wengine watahofia usalama, na hofu yao si ya kubezwa. Aprili 2016, jengo la makazi la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuwaua watu wapatao 50. Nchi iliyoyashuhudia hayo haiwezi kucheza na nguzo. Uchumi mzunguko haumaanishi kuokota chuma chenye kutu na kukitwika ghorofa. Vifaa vinavyobeba uzito sharti vipimwe na wahandisi kabla ya kurudishwa kazini, na visivyofaa vishushwe daraja. Mapaa ya asbesto, ambayo bado yamo katika taasisi kadhaa kongwe, hayapaswi kuzungushwa kabisa. Yanapaswa kuondolewa na waliofuzu na kuzikwa kwa taratibu za mamlaka ya mazingira. Lakini mlango, dirisha, kigae, sinki, kiti na kabati havibebi ghorofa.

Watatu watadai kwamba ukarabati ni ghali. Mara nyingine ni kweli kwamba fundi wa kukarabati hulipwa zaidi ya bei ya kitu kipya kilichotoka kiwandani ng'ambo. Tofauti ni kwamba pesa za ukarabati hubaki mikononi mwa fundi wa hapa. Nairobi ina mafundi wa Kamukunji, ambao kwa nyundo na jua la utosini hugeuza mapipa kuwa masanduku, karai na majiko. Taifa zima limejivika mitumba kwa miongo mingi bila kuona haya. Anayenunua koti lililovaliwa na mtu asiyemjua katika nchi asiyoijua hana sababu ya kukidharau kiti alichokalia mwalimu wake.

Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Mikataba ya ujenzi, michoro na miongozo ya utunzaji wa majengo katika vyuo vya Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Wanaoyatunza majengo hayo, yaani waashi, maseremala, mafundi wa mabomba na wasafishaji, huzungumza kazi yao kwa Kiswahili. Pengo lililo baina ya lugha hizo mbili lina gharama. Fundi ambaye hakuelezwa kwamba ukuta fulani ulijengwa kwa chokaa ataupaka saruji, unyevu utafungiwa ndani, na jiwe litaanza kumumunyika.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo hauwezi kuishia katika hotuba za sikukuu. Istilahi za ujenzi si za kubuniwa zote upya. Nyingi zipo zinangoja kukusanywa: boriti, banzi, kenchi, lipu, timazi, pembemraba, daka, kizingiti, bawaba, komeo. Nyingine zinatoweka pamoja na mafundi wazee wa Lamu, Pate na Mombasa ambao hawakuandikwa na mtu. Na zile zinazohitaji kuundwa, kama vile kaboni iliyofumbatwa au pasipoti ya malighafi, ziundwe kwa ushirikiano na wanaozitumia, si kwa kufungiana katika chumba cha semina na kamusi. Tasnifu moja ya uzamili kuhusu msamiati wa waashi ingeweza kuwa na manufaa kuliko tasnifu kumi kuhusu taswira zilizokwisha kuchambuliwa hadi zikachanika.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na hatua ndogo zisizongoja bajeti ya mtu. Wanachama wanaweza kuandaa daftari la Kiswahili la jengo moja tu, lile linaloihifadhi idara yao: idadi ya madirisha, hali ya paa, viti vizima na vilivyovunjika. Wanaweza kuandika mwongozo mfupi wa ukarabati kwa lugha ambayo fundi wa chuo ataisoma bila mkalimani. Wanaweza kulipeleka daftari hilo kwa wasimamizi na kuuliza, kwa adabu lakini bila kuchoka, ni kwa nini viti 40 vinangoja mnada usiotangazwa. Kiongozi anayejua kwamba mali imehesabiwa hawi sawa na anayejua kwamba haikuhesabiwa.

Hitimisho

Majengo ya chuo kikuu ni walimu wasiosajiliwa. Mwanafunzi anayekaa miaka minne katika taasisi inayotupa kiti kwa sababu ya skrubu moja huondoka na somo hilo pia, hata kama halikuandikwa katika mtaala, na huenda akalitekeleza akiwa mkuu wa shule, mhandisi wa kaunti au waziri. Kinyume chake, chuo kinachoziba ufa mapema, kinachohesabu milango yake na kujenga kipya pale tu ambapo cha kale kimeshindwa kweli, kinafundisha mazingira bila kuanzisha kozi. Lile lundo lililo nyuma ya mabweni basi lisitazamwe kama takataka. Ni ghala lisilo na daftari. Mbacha ungali mkeka, na mwenye sindano hajachelewa kuushona.